Chungwa la Saa Saba

Daktari Dorsaf Gharsalli alikuwa na mazoea ya kusoma namba kwanza na jina baadaye. Jina humletea daktari mtu, na mtu hulia, huomba, hudanganya. Namba hazifanyi hayo. Ndiyo maana Jumanne ile ya mwisho wa Februari, alipoitwa kutoka kitengo cha kisukari ashuke wodi ya moyo, aliisoma karatasi yote ya kitanda cha sita, mstari kwa mstari, kabla hajatazama ni ya nani.

Vipimo vya sukari vilichukuliwa kidoleni kila baada ya saa mbili. Juzi, saa mbili asubuhi, gramu 1.45 kwa lita. Saa nne, 1.52, saa sita, 1.47. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyetoka kupata mshtuko wa moyo, hizo ni namba za kumshukuru Mungu. Isizidi 1.80, isianguke chini ya moja, hutaki zaidi. Lakini saa nane mchana ilikuwa 2.84. Jana, saa nane, 2.91. Leo, dakika kumi zilizopita, 2.96.

"Na baada ya saa nane?" aliuliza.

"Baada ya saa nane tunamchoma insulini ya kuishusha, kama tulivyoagizwa," alisema Wasila, muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene aliyening'iniza miwani kifuani kwa uzi. "Na inashuka kweli. Juzi saa kumi ilikuwa 0.78. Jana 0.64. Mzee alilowa jasho mpaka godoro, na moyo kwenye mashine unarukaruka kama mbuzi aliyeona kisu. Tulimrudisha kwa glukosi ya mshipani. Daktari Belhasen wa moyo anataka leo apewe dozi ileile. Mimi nikamwambia, baada ya jana, sichomi mpaka nione sahihi ya mtu wa kisukari."

"Kwa hiyo anakula kwa siri."

"Atakosaje kula, mwanangu? Miaka ishirini na sita niko wodi hii, sijaona mgonjwa wa kisukari asiye mwizi. Mwaka jana nilikuwa na profesa wa hesabu, alificha halua ndani ya soksi. Soksi aliyoivaa!"

Ndipo Dorsaf akainua macho juu ya karatasi. Tijani Karui, miaka sabini na moja, mkulima, Menzel Bu Zelfa.

Alilisoma mara mbili. Miaka minne ilikuwa imepita tangu mwenye jina hilo alipotuma neno, kwa mdomo wa dada yake, kwamba ukoo wake hauna desturi ya kwenda Kasrin, kwao Dorsaf, kuposa. Kwamba mwanawe atapata mke papo hapo jirani, kwenye nyumba ambayo michungwa yao imepakana na yake. Na kwamba daktari wa kike ni mtu wa kushukuriwa hospitalini, si wa kusubiriwa nyumbani na chakula kinapoa. Hakuwahi kumwona Dorsaf. Hakuona haja.

"Unamjua?" aliuliza Wasila, ambaye hapitwi na jambo.

"Kwa jina tu," alisema Dorsaf, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kulikuwa na kitu katika zile namba kilichomkwaza. Mtu aliyeshiba halua haanguki hadi 0.64 kwa dozi ndogo kama ile. Tumbo lingeendelea kumpa sukari jioni nzima. Namba zilikuwa zikigombana zenyewe kwa zenyewe. Siku nyingine yoyote angevuta kiti, akae nazo, asiinuke mpaka zipatane. Siku hiyo alikwisha kusoma jina. Akasema moyoni: aliyeweza lile, atashindwa na kipande cha halua?

Akachukua karatasi, akaenda kitanda cha sita.

Chumba kizima kilinukia machungwa. Mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati dogo la kando ya kitanda, anatoa vitu kimoja kimoja: taulo, redio, soksi, msahafu. Alikuwa amempa mlango mgongo, lakini Dorsaf alikijua kile kisogo. Upande wa kushoto kulikuwa na nywele zilizokataa kulala tangu zamani, na bado zilikuwa zinakataa.

"Tafuta, tafuta," mzee alikuwa akisema kutoka kitandani. "Ukikuta kiwanda cha halua, nigawie."

"Baba, mimi sicheki."

"Najua hucheki. Ulizaliwa na uso wa karani wa ushuru."

"Namba zinasema umekula. Siku tatu mfululizo."

"Basi na namba nazo ziapishwe! Mimi nimeshaapa."

"Uliapa hivihivi juu ya jamu ya tini."

"Jamu ile ilikuwa ya vibarua."

"Nyuma ya mtungi wa dawa ya miti?"

"Kibarua hula alipo."

Dorsaf alikohoa kidogo. Yule aliyepiga magoti akageuka, soksi moja mkononi. Walitazamana kwa muda wa sekunde kumi na tano hivi, muda ambao muuguzi hutumia kuhesabu mapigo ya mgonjwa. Naufel, kijana wa ile posa isiyofika, alikuwa amekonda. Jua la mashambani lilikuwa limemchimba mistari miwili pembeni mwa macho, na hakuna mtu aliyemwomba Dorsaf aione.

"Daktari," alisema Naufel akisimama. Hakumtaja jina. Dorsaf alimshukuru kimoyomoyo.

"Karibu, Lella Daktari," alisema mzee. Alikuwa mwembamba, nyaya zimemtambaa kifuani, na mikono yake mikubwa imelala juu ya shuka kama zana zilizorudi kutoka kazini. "Mpe kiti, wewe. Wewe ndiye hakimu, binti yangu? Maana mashahidi wameshatoa ushahidi, na mwendesha mashtaka ndiye huyu, damu yangu."

"Mimi ni daktari wa kisukari, Si Tijani," alisema Dorsaf, kwa lile "Si" la heshima la wanaume wa huko, kama "Lella" lilivyo la wanawake. "Leo mchana umekula nini?"

"Supu ya hospitali. Maji yaliyowahi kusikia habari za kuku."

"Na maganda haya?"

Kwenye beseni chini ya kitanda kulikuwa na rundo la maganda ya machungwa. Kila moja lilikuwa limemenywa kwa mkupuo mmoja, utepe mrefu usiokatika popote. Dorsaf aliyatazama zaidi ya ilivyohitajika.

"Ya wageni. Leo walikuja tisa, na gunia la machungwa la shambani kwangu mwenyewe."

"Wamekula wao?"

"Wamekula wao, mimi nimewatazama. Hujawahi kuona mtu mwenye njaa akitazama?"

"Hukuonja hata kipande?"

Mzee aliacha mzaha. "Binti yangu, mimi naijua sukari. Ilimchukua mke wangu mguu, kisha ikarudi kumchukua mwenyewe. Kwa jamu naweza kumdanganya mwanangu, simdhuru mtu ila mimi. Lakini jana saa kumi nilijiona naondoka. Naliona dirisha lile linakwenda mbali. Mtu akishaona hivyo, atadanganya ili apate nini?"

Naufel aliinamisha kichwa, akaanza kurudisha soksi kabatini. Dorsaf aliandika: *mgonjwa anakana.* Kisha akatoka, na hakushangaa kusikia nyayo nyuma yake.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na dirisha lenye ukingo mpana, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa huja kusimama ili wasionekane wakilia. Saa hiyo hapakuwa na mtu. Kutoka pale waliweza kumwona Wasila mezani kwake, sindano imelazwa kwenye trei, macho kwenye saa ya ukutani.

"Atapona?" aliuliza Naufel.

"Mshipa umefunguliwa vizuri, kijibomba kilichotiwa ndani yake kimekaa. Moyo umeumia, lakini si sana. Kinachomtisha sasa ni sukari. Ikipanda na kukaa juu, kidonda cha moyo hakiponi vyema. Ikianguka ghafla kama jana, moyo unaweza kupoteza mapigo yake usiyaokote tena. Kwa hiyo hatuwezi kuiacha juu, na hatuwezi kuishusha kwa pupa. Inabidi tujue alichokula."

"Ulikuwa unaongea hivyohivyo zamani. Nikikuuliza kama unanipenda, unanipa asilimia."

"Nilikupa tisini na mbili. Ilikuwa namba kubwa."

Naufel alicheka kidogo, bila sauti, akatia mkono mfuko wa koti na kutoa chungwa. Alilitoboa kwa ukucha wa kidole gumba, akaanza kumenya bila kulitazama, kama watu wengine wanavyovuta tasbihi.

"Hukujibu barua zangu," alisema.

"Zilikuwa mbili."

"Ungejibu ya kwanza, zingefika tatu."

"Ya kwanza ilisema nisubiri baba yako alainike. Ya pili ilisema bado hajalainika. Ningejibu nini? Asante kwa taarifa ya hali ya hewa?"

"Binti wa jirani sikumwoa. Nataka ulijue hilo."

"Nimelisikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu," alisema Dorsaf, akatazama nje. Hakuona sababu ya kumweleza kwamba alikuwa ameuliza.

"Aliolewa Nabeul. Babake akajenga ukuta katikati ya mashamba. Baba kila siku anauangalia ule ukuta wakati wa kunywa kahawa, wala hasemi neno." Utepe wa ganda ulikuwa unarefuka, unaning'inia mkononi. "Nilikuwa nafikiri: nitakwendaje Kasrin peke yangu, kama mtu asiye na kwao? Nani atanifungulia mlango? Kijana anakuja kuposa bila baba, bila ami, bila hata shangazi. Mzee wako angeniona tapeli."

"Angekufungulia."

"Unasema tu."

"Mimi sisemi tu, Naufel. Angekufungulia, angekutukana kidogo, kisha angekupa chai. Nilimwandaa. Nilimwambia atakuja kijana mmoja, peke yake, na asiulizwe watu wake wako wapi. Baba yangu ana joho moja la sufi, alirithi kwa babake, hulivaa kwenye arusi na maziko. Alilivaa Ijumaa tatu mfululizo. Anakaa uani tangu baada ya sala mpaka jua linazama. Ijumaa ya nne hakulivaa, wala hakuniuliza kitu."

Vidole vya Naufel vilisimama. Ganda lilikatika. Kwa mtu wa Menzel Bu Zelfa, hilo halitokei.

"Sikujua," alisema.

"Hukuuliza."

"Dorsaf."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kulisikia jina lake katika sauti ile, na alilipokea kama anavyopokea matokeo mabaya ya maabara: aliliacha likae, asilikanushe. Naufel aliligawa chungwa katikati, akamnyooshea nusu. Watu wa kwao hawaulizi kama unataka. Wanakumenyea, wanakupa, na kukataa ni sawa na kumwambia mtu kwamba nyumba yake inanuka. Dorsaf alipokea. Lilikuwa tamu, lenye ukali kidogo mwishoni, na maji yake yalimtiririka mpaka kiganjani.

"Daktari!" Wasila aliita kutoka mezani. "Daktari Belhasen yuko kwenye simu, anauliza kama umeshasaini. Saa nane na dakika ishirini na tano!"

"Nakuja."

Alijifuta vidole kwa kitambaa cha karatasi, akatoa kalamu mfukoni, akaegemeza karatasi ya vipimo kwenye ukingo wa dirisha. Insulini ya kuchoma, vizio kumi, kama jana. Alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya jina lake alipotaka kuisogeza karatasi, nayo ikainuka pamoja na kidole. Aliitikisa. Haikutoka. Ilimbidi aibandue kwa mkono wa pili, na ilipobanduka ilitoa mlio mdogo, na pale juu ya namba 2.96 ikabaki alama ya kidole chake yenye kung'aa.

Dorsaf aliitazama ile alama.

Alikumbuka daftari lake la mwaka wa tatu, somo la figo. Kurasa arobaini zilizogandana, kwa sababu kijana mmoja wa kilimo alikuwa akija maktaba kila alasiri na machungwa mfukoni, anamenya, anampa, anamenya, anampa. Usiku wa kuamkia mtihani alizitenganisha kwa kisu cha mkate. Na alikuwa amejifuta mikono kila mara. Ana hakika alijifuta.

"Naufel," alisema taratibu. "Wale wageni tisa, nani aliwamenyea?"

"Baba. Nani mwingine? Nyumbani kwake mgeni hamenyi chungwa mwenyewe, na mwenye nyumba hakai mikono mitupu wakati wageni wanakula. Nilimwambia jana apumzike, akaniuliza kama nataka watu waende kusema Tijani alikufa kabla hajafa."

"Hata Jumapili? Siku ya pili baada ya mshtuko?"

"Jumapili walikuwa saba. Aliwamenyea wote amelala chali."

"Saa saba mpaka saa nane."

"Ndiyo saa ya wageni. Kwani nini?"

Dorsaf alikuwa ameshaondoka. Hakukimbia, kwa sababu daktari anayekimbia wodi ya moyo huzalisha wagonjwa wapya, lakini Naufel alilazimika kuongeza hatua ili amfikie.

"Mama Wasila, mwambie Daktari Belhasen sisaini. Kisha niletee beseni la maji ya vuguvugu, sabuni, taulo safi na kifaa cha kupimia."

"Nimempima sasa hivi, mwanangu. Na kidole nilikifuta kwa spiriti, kama siku zote."

"Najua ulikifuta. Njoo nacho."

Mzee aliwaona wanaingia watatu, beseni mbele, akamgeukia mwanawe. "Nimehukumiwa? Ndiyo wananiosha kabisa?"

"Nipe mkono wa kushoto, Si Tijani," alisema Dorsaf. "Wa kulia uache hapo juu ya shuka, usiguse kitu."

Alivuta kiti, akauosha ule mkono mwenyewe. Angeweza kumwachia Wasila, lakini hakutaka baadaye mtu aseme haukuoshwa sawasawa. Alipitisha sabuni katikati ya vidole, chini ya kucha, kwenye mikunjo ya kiganja ambamo rangi ya udongo haikuwa imetoka kwa miaka hamsini. Mzee alinyamaza kama mtoto anayekatwa kucha. Dorsaf alisuuza mara mbili, akaukausha mpaka ukakauka kabisa.

"Sasa mkono wa kulia, ambao haujaoshwa. Mama Wasila, futa kwa spiriti, pima kama kawaida yako."

Wasila alifuta, akachoma, akagusisha kijiti kwenye tone la damu. Wote wanne walitazama kile kifaa kidogo kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi.

"2.88," alisoma Wasila. "Si nilisema?"

"Sasa wa kushoto."

Kuchoma. Tone. Kusubiri.

Wasila aliisoma kimya kwanza. Akavaa miwani, akasoma tena. "Moja," alisema, "nukta arobaini na tatu." Alikitikisa kifaa karibu na sikio lake kana kwamba kingeweza kujieleza. "Mtu mmoja! Damu moja!"

"Damu ni moja. Sukari ile nyingine iko juu ya ngozi. Maji ya chungwa yakikauka kidoleni hayaonekani, na spiriti inayapaka tu, haiyatoi. Kijiti hakijui tofauti, kinapima kilichopewa." Dorsaf alikwishaanza kuandika. "Chukua damu ya mshipa tuipeleke maabara kuthibitisha. Dawa zake nyingine zibaki zilivyo. Ile sindano itupwe."

Wasila aliitazama trei aliyoiacha mezani kule nje, kupitia mlango ulio wazi. Vizio kumi, kwa mtu mwenye 1.43. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuomba ruhusa.

"Miaka ishirini na sita," alisema. "Na jana nilikuwa nakusema wewe mwizi, mzee wangu."

"Umenisema mwizi siku tatu, na nimekuzoea," alisema Si Tijani. Kisha akamgeukia Naufel.

"Nisamehe, baba," alisema Naufel.

"Nimekusamehe. Ile jamu ilikuwa yangu."

Wasila aliangua kicheko, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Mzee alikuwa amemwelekea Dorsaf sasa, akimtazama kwa makini, kama mtu anayetazama mti ambao hakuupanda yeye lakini umezaa vizuri.

"Binti yangu, wewe ungeweza kusaini ukaenda zako. Mungu akulinde. Nitajie jina lako nikuombee dua vizuri. Miwani yangu huyu ameificha humo kabatini na soksi."

Dorsaf alikuwa na majibu mengi ya kiungwana. Alichagua la kweli.

"Nilikaribia kusaini, Si Tijani. Niliandika herufi ya kwanza. Namba zilikuwa zinaniambia kuna kitu hakikai sawa, nami sikuzisikiliza, kwa sababu nilisoma jina lako. Mimi ni Dorsaf Gharsalli. Wa Kasrin."

Mashine ya moyo iliendelea kuhesabu. Sitini na nane. Sabini na moja. Wasila aliitazama, akamtazama daktari, akamtazama kijana, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita akaona afadhali asiulize.

"Ndiye?" mzee alimwuliza mwanawe.

"Ndiye, baba."

Si Tijani aliitazama mikono yake miwili, mmoja safi, mmoja bado.

"Sikukuona hata siku moja," alisema mwishowe.

"Hapana."

"Nilisikia jina la mji, basi." Aliutia mkono wa kulia kwenye beseni mwenyewe, polepole, nyaya zikimfuata. "Nawe nawa, binti yangu. Uliponishika mkono, kabla ya maji, vidole vyako vilinata kama gundi. Nikajua huyu kuna mtu amemmenyea."

Dorsaf alinawa. Maji yalikuwa yameanza kupoa. Hakumtazama Naufel, na hakuhitaji. Alijua alipo, kama unavyojua dirisha lilipo ukiwa umefumba macho.

Maabara ilijibu baada ya saa moja: 1.41. Jumatano, saa nane, baada ya beseni na sabuni, 1.49. Alhamisi, 1.44. Namba hazikugombana tena. Wasila aliandika kwa mkono wake na kubandika juu ya kitanda cha sita, kisha juu ya vitanda vyote, kwamba kidole kinaoshwa kwanza, na kwamba wageni wamenye machungwa yao wenyewe. Sehemu ya pili haikutiiwa na mtu hata mmoja. Si Tijani alisogeza tu kazi yake: alipimwa kwanza, kisha akamenya, na wageni wakaongezewa robo saa ambayo haikuandikwa popote.

Jumamosi aliruhusiwa kwenda nyumbani. Dorsaf alipopita kumpa karatasi ya dawa, alimkuta amekaa kwenye kiti, amevaa kofia nyekundu ya sufi, fimbo mkononi. Naufel alikuwa amesimama nyuma yake na begi. Dorsaf alieleza yote: insulini asubuhi na jioni, vidonge, chumvi, kutembea, nini kiliwe na nini kitazamwe tu. Mzee alisikiliza kama mwanafunzi.

"Nina maswali mawili," alisema.

"Uliza."

"Kutoka kwetu mpaka Kasrin ni mwendo wa saa ngapi kwa gari?"

Dorsaf aliiweka kalamu chini. Nyuma ya kiti, begi lilibadilishwa mkono.

"Saa nne. Tano, ukisimama njiani."

"Na moyo kama huu, utaruhusiwa lini safari ya saa nne?"

Hilo lilikuwa swali la kitabibu, na alilijibu hivyo. "Si kabla ya wiki sita. Na usimame kila saa moja, utembee kidogo, upime sukari."

"Baada ya kunawa."

"Baada ya kunawa."

Mzee alihesabu kwa vidole. "Wiki sita. Maua ya michungwa yatakuwa yameshachumwa na kuchemshwa. Nitakuja na chupa za maji ya maua. Mtu haendi kuomba kwa watu mikono mitupu. Huyu," alimwonyesha Naufel kwa fimbo bila kugeuka, "ameniambia baba yako hukaa nyumbani Ijumaa."

"Hukaa," alisema Dorsaf. Akaichukua tena kalamu. "Hukaa, Si Tijani."

Naufel alimtazama, na macho yake yalikuwa na ile mistari miwili pembeni, na safari hii Dorsaf aliitazama bila kujizuia, mpaka mzee akagonga sakafu kwa fimbo na kusema kwamba yeye ni mgonjwa wa moyo na anacheleweshwa.

Walipoondoka alikwenda kwenye lile dirisha la mwisho wa ukumbi, akatoa simu. Iliita mara nyingi. Baba yake huiacha jikoni, kisha anaitafuta uani.

"Baba. Uko salama?"

"Niko salama, mwanangu. Kuna nini, mbona unapiga mchana?"

"Lile joho lako la sufi bado lipo?"

Alisikia kuku, na mlango wa uani ukifungwa.

"Lipo sandukuni," alisema baba yake. "Nondo wamelila begani. Kwa nini?"

"Lipeleke kwa fundi, baba," alisema Dorsaf. "Una wiki sita."